Mita Kumi na Tisa Kwa Mkumba

Mwanawetu alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti pale ofisini Kibiti, Ashrafu akamwambia ainuke aende Pangale.

"Kuna mama kagoma," alisema. Ashrafu alikuwa msimamizi wa mradi wa kuwahamisha watu wa mabonde ya Rufiji, wapelekwe sehemu zilizoinuka kabla masika hayajakolea. "Kaya arobaini zimekubali kuhamia Kwa Mkumba. Yeye kajenga kibanda chake Mikoche, peke yake na mume mgonjwa. Sasa na wenzake wameanza kusitasita. Wewe ndiye uliyepima. Nenda ukamweleweshe."

Mwanawetu alikuwa fundi sanifu wa upimaji, binti wa miaka ishirini na tisa, wazazi wake Wamatumbi waliohamia Kibiti yeye akiwa mgongoni. Kazi hii ya mradi ilikuwa ya kwanza kumpa jina. Mwezi wa kwanza alizunguka vitongoji vya mabondeni na kifaa cha GPS mkononi, kinachotoshea kiganjani, akiandika urefu wa kila sehemu kutoka usawa wa bahari. Pangale kulikuwa na miinuko miwili. Kwa Mkumba, mita kumi na tisa. Mikoche, mita kumi na mbili. Namba zikaingia kwenye jedwali, jedwali likaingia kwenye ripoti, na ripoti ikachagua Kwa Mkumba. Vyoo vilikuwa vimeshachimbwa. Nguzo zilikuwa zimeshakatwa.

Alipanda bodaboda mpaka Ruaruke, akateremka kwa miguu kwenye njia ya mashamba ya mpunga. Pangale ilikuwa huko chini, nyumba za miti na udongo, na upande wa kusini ukisikiliza vizuri uliusikia mto. Ulikuwa umeanza kuvuma kabla ya wakati wake.

Yule mama aliyegoma, Bi Rukaiya, Mwanawetu alimkuta Mikoche, amepiga magoti anapanda mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndimi."

"Karibu. Nilijua wangekuleta."

Mwanawetu alianza maneno aliyoyapanga njiani. Kwamba huku ni chini, kule ni juu, tofauti ni mita saba, na mita saba ni nyumba mbili zikipandishwa moja juu ya nyingine. Bi Rukaiya alimsikiliza huku akiendelea kufukia mbegu. Alipomaliza, yule mama akajifuta mikono kwenye kanga akasimama.

"Mafuriko yale makubwa, Pangale nzima ilikimbilia Ruaruke," alisema. "Sisi hatukukimbia. Mume wangu, Mzee Kibwana, miguu ilikuwa imeshakataa. Mtumbwi uliokuja ulikuwa umejaa watoto, nikawaambia nendeni, mtarudi. Hawakuweza kurudi. Nikamburuta juu ya mkeka mpaka hapa. Tulikaa siku nne, tunakula mihogo mibichi."

"Maji yalifika wapi?"

Bi Rukaiya aliteremka hatua kama kumi, akakanyaga kwa kisigino. "Hapa. Siku ya tatu. Ya nne yakaanza kurudi."

"Na Kwa Mkumba?"

"Kwa Mkumba kulikuwa maji matupu. Mikorosho imesimama majini. Mbuzi wa mwenyekiti Abbasi alikuwa amepanda juu ya paa la banda, analia. Jioni paa likaondoka naye, tunatazama."

"Umewaambia wenzako?"

"Nimewaambia. Wananijibu mashine imesema."

Kutoka ndani ya kibanda sauti ya mwanamume ikasema, taratibu, "Mwambie na sisi tulisema, ila hakuna aliyetuandika."

Mwanawetu aliaga, akavuka bonde lile la mpunga kwenda Kwa Mkumba, akihesabu hatua bila kujua kwa nini anahesabu. Alikuta nguzo zimelazwa mafungu mafungu, na wanaume wawili wanachimba mashimo. Akatoa kifaa. Akasimama palepale aliposimama mwezi wa kwanza, chini ya mkorosho mkubwa, kwa sababu siku ile jua lilikuwa kali na yeye alitafuta kivuli.

Kifaa kikasoma kumi na sita.

Akangoja. Kumi na moja. Akatoka kivulini akasimama uwanjani. Tisa. Akakaa chini, akainuka, akazunguka mkorosho. Kumi na nne. Kifaa kiko mkononi, miguu iko ardhini, wala ardhi haikupanda wala kushuka. Mwezi wa kwanza alisimama hapo dakika moja tu, akaandika namba ya kwanza iliyotokea, akafunga daftari. Aliikumbuka dakika hiyo sasa kama mtu anayekumbuka kwamba hakuzima jiko.

Hakulala vizuri. Asubuhi, badala ya kwenda ofisini, alichukua bodaboda nyingine mpaka Nyamisati, kwenye gati la boti za Mafia. Alitaka kukiuliza kifaa swali ambalo jibu lake analijua. Bahari iko mita ngapi juu ya bahari?

Maji yalikuwa nusu ya kujaa. Alishuka ngazi za gati mpaka ya mwisho iliyokauka, akainama, akakiweka kifaa karibu kiguse maji. Mita saba. Baada ya dakika tano, mita mbili. Akatoa simu, ambayo ilikuwa na programu nyingine ya kupimia iliyokuwa inaonyesha namba ghafi jinsi zinavyotoka. Simu ikasema: kasoro ishirini na sita.

Mchuuzi wa samaki aliyekuwa anaosha ndoo alimwangalia. "Dada, umepoteza kitu?"

"Nimeambiwa hapa tuko chini ya bahari mita ishirini na sita."

"Basi tumeshakufa siku nyingi," yule mwanamke akasema, akamwaga maji yake.

Mwanawetu alicheka. Aliijua ile kasoro ishirini na sita. Chuoni walifundishwa, akajibu kwenye mtihani, akapata alama, akaisahau. Setilaiti haijui bahari iko wapi. Inapima kutoka kwenye umbo la dunia lililochorwa kwa hesabu, kama yai laini lililobinywa kidogo juu na chini. Bahari ya kweli hailifuati yai lile. Dunia haina uzito sawa kila mahali ndani yake, kwa hiyo maji huvutwa yakajaa zaidi upande mmoja na kubonyea upande mwingine, na pwani hii ya kwao bahari imekaa chini ya yai kwa zaidi ya mita ishirini na tano. Kifaa kizuri kina jedwali ndani yake la kurekebisha. Simu yake haikurekebisha.

Hilo lilimweleza habari ya simu. Halikumweleza kwa nini kifaa, chenye marekebisho, kilikuwa kinayumba kutoka mbili mpaka saba palepale penye maji. Na huko ndiko kulikokuwa na namba zake za kwenye ripoti.

Akampigia Ashrafu akiwa bado kwenye ngazi.

"Bosi, vipimo vyangu vya urefu havifai."

"Havifai vipi? Ramani yako nimeiangalia, kila kisima kipo mahali pake."

"Mahali ni sawa. Kulia, kushoto, mbele, nyuma, inakosea hatua tatu au nne. Juu na chini ndiyo inakosea sana. Mita tano, mita kumi. Kwa Mkumba na Mikoche sijui ipi iko juu."

"Mwanawetu, ripoti imeshakwenda. Mafundi wanaanza Jumatatu. Levo ya kupimia, ile yenyewe ya miguu mitatu, iko Dar, na foleni yake ni wiki tatu."

"Mto hautangoja wiki tatu."

"Basi na sisi tusingoje. Wahame."

"Wahamie wapi?"

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni mkono wa Ashrafu. Akatembea gati lote mpaka mwisho, akarudi, akatembea tena. Abiria wa Mafia walikuwa wanapanga mizigo na yeye anawapita katikati kama mtu aliyeachwa na boti. Alipochoka kwenda na kurudi ndipo akamkumbuka Swalehe.

Swalehe alikuwa fundi ujenzi wa Ruaruke, aliyekuwa amepewa kazi ya kusimamisha vyoo vya mradi. Mwanawetu alimkuta mchana ule anakunywa chai barazani kwake.

"Fundi, msingi wa nyumba unausawazisha kwa kitu gani?"

"Kwa mpira wa maji. Mpira unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, huku wewe, huku msaidizi. Maji ya huku na ya huku hayatazidiana hata uzi mmoja. Kwani hujui?"

"Najua. Wako una urefu gani?"

"Mita ishirini."

"Kutoka Kwa Mkumba mpaka Mikoche ni mita mia saba. Tunaweza kwenda nao?"

Swalehe aliweka kikombe chini. "Kipande kwa kipande? Tunaweza. Mgongo utauma. Lakini si una mashine ya setilaiti?"

Mwanawetu akatafuta namna ya kumweleza, na kwa kumweleza yeye ndipo na mwenyewe akaelewa mpaka chini.

"Sikiliza fundi. Futi yako imeliwa ncha, ina kosa, na hujui kosa ni kiasi gani. Unataka nguzo iwe katikati ya chumba. Utafanyaje?"

"Nitapima toka ukuta huu, nitapima toka ule. Vipimo vikilingana, nguzo iko katikati. Kosa la futi limeliwa huku na huku."

"Haya. Sasa nataka ujue taa inayoning'inia iko juu kiasi gani, lakini nakuruhusu kupima toka darini peke yake. Sakafu huruhusiwi kuigusa."

Swalehe akafikiri. "Kosa la futi litabaki lote."

"Setilaiti ziko pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kwa pembeni zinasahihishana. Lakini zote ziko darini. Chini ya miguu yetu kuna dunia, hakuna setilaiti inayotuona kwa kupitia ardhini. Kwa hiyo juu na chini hakuna wa kuisahihisha. Na mimi nikasimama chini ya mkorosho, majani yakaikorofisha zaidi."

"Na watu wanahamia," Swalehe akasema.

"Na watu wanahamia."

Walianza Alhamisi saa moja asubuhi. Walijaza mpira, wakaukung'uta mpaka mapovu yote yakatoka, maana povu moja dogo ndani ya mpira linadanganya. Swalehe akasimama nyuma na fimbo yenye alama za sentimita, Mwanawetu mbele na fimbo nyingine. Maji yakitulia, kila mmoja anasoma namba yake kwa sauti, Mwanawetu anaandika, kisha Swalehe anampita mbele, na yeye anabaki palepale hatua isipotee. Njia ilipita katikati ya mpunga. Matope yalifika kwenye vifundo, kisha magotini.

Kwenye kituo cha kumi, Abbasi mwenyekiti wa kitongoji aliwakuta. Alikuwa mwanamume mrefu, amechoka usoni.

"Mnapima nini tena? Si mlipima?"

"Nilipima vibaya, mwenyekiti," Mwanawetu akasema bila kuinua macho kwenye fimbo. "Mita moja na kumi na nne. Fundi?"

"Sifuri tisini na sita."

Abbasi aliwatazama vituo vitatu vizima. Kisha akavua viatu, akaingia matopeni, akaushika mpira katikati usilale kwenye mpunga wa watu.

Walifika Mikoche saa tano na nusu, vituo thelathini na tisa. Mwanawetu alikaa chini akajumlisha. Alijumlisha mara mbili. Kwa Mkumba ilikuwa chini ya Mikoche kwa mita moja na sentimita sabini na tisa. Bi Rukaiya alikuwa amesimama mbele yake na bakuli la uji.

"Imesema nini?"

"Ngoja kwanza, mama. Turudi nao."

Wakarudi nao mpaka Kwa Mkumba, jua likiwa kichwani, kwa sababu kipimo cha kwenda peke yake hakitoshi. Kurudi kulitoa mita moja na themanini na tatu. Sentimita nne za tofauti, baada ya kutambaa karibu kilomita moja na nusu ya matope. Zilimtosha kabisa.

Abbasi alikaa juu ya fungu la nguzo. "Wiki tatu nimewahimiza watu," alisema. "Nitawaambia nini?"

"Waambie mpimaji alikosea. Au niache nije niseme mwenyewe."

Alisema mwenyewe, Ijumaa, nje ya msikiti baada ya sala. Alisimama mbele ya watu waliokuwa wamemwamini. Aliwaambia alisimama dakika moja chini ya mkorosho. Aliwaambia kifaa kinajua uko wapi lakini hakijui vizuri uko juu kiasi gani, naye alijua hivyo tangu chuoni, na aliandika kana kwamba hajui.

Mzee mmoja akasema, "Juzi mashine, leo mpira. Kesho utatuletea nini?"

Swalehe akajibu kabla yake. "Mpira huu umesawazisha msingi wa msikiti huu uliosali ndani yake sasa hivi. Kama unaona umelala upande, sema."

Watu wakacheka, lakini si wote. Mpaka Jumapili jioni kaya ishirini na tisa zilikuwa zimebeba nguzo zao kuvuka bonde kwenda Mikoche. Kumi na moja zilibaki Kwa Mkumba. Walikuwa wameshasimika, na mtu aliyehamishwa mara moja hapendi kuhamishwa mara ya pili na mtu yuleyule. Mwanawetu aliwaendea nyumba kwa nyumba. Wengine walimpa kiti. Wengine walimsikiliza wakiwa wanaendelea kukandika.

Jumatatu habari ilikuja kwa simu kutoka Mloka, huko juu ya mto: maji yameingia mashambani na bado yanapanda. Mwanawetu hakurudi Kibiti. Alichomeka vijiti kwenye ukingo wa bonde, akawa anakwenda kuviangalia kila saa. Kijiti cha kwanza kikazama kabla ya adhuhuri. Cha pili alasiri. Hakula. Akikaa kidogo anainuka, anakwenda kuangalia tena, mpaka Bi Rukaiya akamwambia, "Maji hayaji haraka zaidi ukiyaangalia, mwanangu, wala hayachelewi. Kaa ule."

Jumatano asubuhi bonde lote kati ya miinuko miwili lilikuwa maji. Kwa Mkumba yakafika vifundoni, halafu magotini, na zile familia kumi na moja zikaanza kupunga kanga. Abbasi aliongoza mitumbwi mitatu. Mwanawetu aliingia katika wa pili, hajui kuogelea, akashika upondo na kusukuma alivyoambiwa. Walichukua kwanza wajawazito na watoto, kisha wazee, kisha wengine. Safari tisa. Mtu hakupotea hata mmoja. Zilipotea mbegu za mpunga magunia kwa magunia, kuku, cherehani moja, na kuta zote zilizokuwa bado mbichi. Mama mmoja aliyekataa kumsikiliza Jumapili alipanda mtumbwi wake akiwa amekumbatia sufuria. Hawakutazamana.

Mikoche haikuingia maji. Yalisimama chini ya alama ya kisigino cha Bi Rukaiya, kwa urefu wa mtu mpaka kiunoni. Watu zaidi ya mia mbili walikaa pale siku sita, na mbuzi wao, na moshi wao, na ugomvi wao wa nani alale wapi. Mzee Kibwana alitolewa nje ya kibanda akalazwa kwenye kitanda cha kamba ili wagonjwa wengine waingie. Watu walikuja mmoja mmoja kumsalimia na kumuuliza habari za siku zile nne. Alizisimulia mpaka sauti ikamkauka.

Maji yalipopungua Ashrafu alifika kwa gari la mradi, akiwa na levo ya miguu mitatu iliyopatikana ghafla. Alikuwa ameisoma barua ya Mwanawetu, kurasa mbili, iliyoeleza kosa lilivyotokea na kusema ni lake.

"Ungeandika kwamba kifaa kilikuwa kibovu," alimwambia pembeni. "Ingekuwa rahisi kwetu sote."

"Hakikuwa kibovu."

"Jina lako limetolewa kwenye jalada la ripoti."

"Sawa."

"Lakini vitongoji vingine vyote virudiwe. Nani atavirudia kama si wewe? Anza kesho." Alimkabidhi levo kwa uchungu kidogo, kama mtu anayetoa kitu ambacho angependa kukinyima. Mwanawetu aliisimamisha palepale, akapima tena kutoka mwinuko hadi mwinuko. Mita moja na themanini na moja. Swalehe aliposikia akapiga kofi moja, akaenda kumwambia kila mtu.

Mwanawetu alikwenda kuaga. Bi Rukaiya alikuwa anaangalia kitalu chake cha mchicha, ambacho watu mia mbili walikuwa wamekikanyaga mpaka kikawa kama barabara.

"Nimekuja kukuaga, mama. Na kukuomba radhi."

"Radhi nimekupa siku ile unatambaa kwenye mpunga. Mchicha ndio siwezi kuwasamehe." Akachutama, akaanza kuutifua udongo kwa vidole. "Kesho unakwenda kupima wapi?"

"Kitongoji kinachofuata, ng'ambo ya mkondo."

"Huko kuna mtu aliyebaki wakati wa maji makubwa?"

"Sijui."

"Muulize kwanza," Bi Rukaiya akasema, akamnyooshea pakiti ya mbegu. "Hebu nisaidie mistari hii miwili kabla hujaondoka."